Wati Tisa za Akiteng

Pale Sofia, soko la Busia upande wa Uganda, simu yako ikianguka chooni, muulize Akiteng. Ukiuliza mwingine, andaa kaburi la simu. Mwanamke huyu aliachia masomo darasa la saba, lakini walimu wenye digrii ndio wanaopanga foleni mezani kwake. Sasa niambie, nani kasoma?

Kosa lake lilikuwa moja tu: alimpenda mtu kama ndugu wa tumbo moja.

Mtu mwenyewe ni Owor wa Tororo, mwenye meno mazuri na kicheko cha bure. Miaka sita iliyopita alifika pale hajui hata kufungua skrubu ya simu. Akiteng akamfundisha kazi, kisha akaanza kumpeleka Jumapili kwa mama yake, Aanyu, kunywa ajono. Hiyo ni pombe ya wimbi, yaani ulezi. Watu huzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mgeni hupewa mrija wa kuazima. Owor alikuwa na wake, umechomekwa kwenye dari la nyasi pamoja na mirija ya watu wa nyumbani. Kwa Wateso, watu wa kina Akiteng, hapo umeshakuwa mtu wa ndani.

Sasa tuje kwa mashine. Mwaka jana Akiteng alinunua upande wa Kenya kompyuta ya gemu, ile ndogo ya kushika kwa mikono miwili, inayoendeshwa na programu ya Linux. Ilikuwa mtumba, na ilikuwa na tabia mbaya. Ukicheza mpira humo, saa moja haiishi betri imekauka, na mgongo wake unakaanga yai. Watu wakamwambia atupe hilo pasi.

Jumapili moja akamtazama mama yake akitia maji ya moto kwenye chungu. Aanyu hamwagi yote. Hutia kikombe, hungoja wimbi linywe, ndipo hutia kingine. Ukimwaga kwa pupa chungu kinafurika na utamu unaishia chini.

"Kumbe!" akasema Akiteng, akaacha mrija wake ukining'inia, akakimbilia mashine.

Akaibana isile zaidi ya wati tisa, hata ilie namna gani. Picha akazishusha hadi arobaini kwa sekunde. Nani Busia ana jicho la kuhesabu sitini? Feni akaiamuru ianze mapema na polepole, isingoje moto uwake ndipo ipige kelele kama pikipiki mbovu. Mipango yote akaiweka kwenye faili moja, akaipa jina Chungu cha Aanyu. Mashine ikaenda saa mbili na nusu, vuguvugu tu kama chai ya mgonjwa.

"Dada, wewe ni hatari!" Owor akapiga makofi. Akiteng akampa hata nywila ya kufungulia mashine. Ndugu unamficha nini?

Ndipo ikaja habari ya Resty, mama wa kilabu cha vijana kule Osukuru. Kilabu kilikuwa kimepewa mashine nane za aina hiyo, na Resty alitaka fundi wa kudumu, mwenye mshahara. Ukumbi wake mchana hauna umeme. Kwa hiyo akatangaza: Jumamosi, fundi alete mashine yake, ichezwe saa mbili kwa betri bila kuunguza mtu. Itakayovumilia, mwenyewe anapata kazi.

Akiteng aliitaka kazi ile mpaka ikamnyima hamu ya kula. Miaka kumi na moja ya vumbi la Sofia! "Nikipata, Owor, twaenda wote," akamwambia.

"Mungu akubariki, dada."

Jumamosi wakafika Osukuru. Resty mwenyewe akaishika mashine ya Akiteng. Dakika ya ishirini picha zikaanza kuburuta miguu. Ya thelathini Resty akawa anaihamisha kutoka mkono huu hadi huu. Ya thelathini na tano akaiachia mezani kama kaa la moto, na skrini ikazimika. Feni haikulia hata mara moja.

"Akiteng, hii si mashine, ni jiko," Resty akasema, na ukumbi ukacheka.

Owor akafungua mfuko wake, akatoa mashine ya aina ile ile. "Madamu, naomba na mimi nijaribu. Nimeazima tu hii."

Saa mbili zikapita, mashine ya Owor imetulia. Resty akafungua mahali pa mipangilio, akasoma kwa sauti: "Chungu cha Aanyu. Aanyu ni nani?"

"Nyanya yangu, madamu," Owor akajibu, hakupepesa jicho.

Nyanya! Amezaliwa saa ile ile! Akiteng alimtazama, akingoja kile kicheko chake, akingoja aseme natania, dada. Owor hakugeuza shingo. Akapewa kazi na mkono wa pongezi, na Akiteng akapanda boda kurudi Busia na jiko lake.

Mezani akaichomeka kwenye umeme. Linux ina umbea mmoja: huandika kila kitu na saa yake. Akasoma. Ijumaa, saa kumi na dakika tano, wati tisa zimeondolewa. Saa kumi na dakika saba, feni imezimwa. Akiteng akakumbuka alikokuwa saa kumi. Alikuwa kwenye foleni ya chapati za mayai, mashine kamwachia Owor ailinde. Alinunua mbili. Moja ilikuwa ya Owor.

Jumapili Owor akaja kwa Aanyu kama kawaida, kicheko mbele.

"Mama, shikamoo! Dada bado amenuna? Gemu ni gemu, bwana."

Akiteng akainuka, akauchomoa mrija wa Owor kwenye dari, akampelekea pale mlangoni kabla hajakaa.

"Shika."

"Dada, usifanye hivyo mbele ya watu."

"Kanywe kwa nyanya yako."

Kicheko kikaisha. Owor akaondoka na mrija begani, mrefu, kila mtu njiani akiuona.

Akiteng akarudi chunguni, akashika birika, akamimina maji ya moto yote mara moja. Pombe ikafurika hadi miguuni mwa watu.

"We Akiteng!" Aanyu akapiga kelele. "Nani kakufundisha kumimina hivyo?"

Birika lilikuwa tupu, Akiteng bado ameliinamisha.