Hendeli ya Gari la Watu Wawili

Gari lile lilikuwa na viti viwili tu, na vyenyewe vya kubanana. Nyuma ya viti palikuwa na upenyo wa kukunjia turubai, basi. Halikubeba gunia, halikubeba kitanda, halikubeba mgonjwa wa kulala. Siku nilipoliburuta kwa kamba mpaka uani kwangu, mtaa wa Chemchem mjini Tabora, majirani walilizunguka, wakaniuliza kwa upole kama akili zangu zimetimia. Mimi ni fundi cherehani. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nikishona sare na suti, na gari nililipata kwa Mwingereza mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao. Nilimshonea suti za safari, yeye akaniachia gari lililokuwa limelala bandani masika kadhaa bila kuguswa. Alipokuwa ananikabidhi alicheka sana. Nilidhani amezifurahia suti.

Nilikuwa nimelipenda tangu lilipokuwa zima, likipita mbele ya baraza yangu na boneti yake ndefu iliyofungwa kwa mkanda wa ngozi, magurudumu yake ya spoku yakimeta. Sauti yake nikiisikia nilikuwa nasimamisha cherehani. Sikujua kwamba kupenda sauti ya gari ni jambo moja, na kuishi nalo nyumba moja ni jambo jingine kabisa.

Kwanza mchwa. Chini ya bati, bodi ya gari lile ilikuwa imejengwa juu ya mbao, na nilipochoma ubao wa kwanza kwa ncha ya mkasi, mkasi ulizama mpaka kwenye vidole vyangu. Uingereza yote iliyokuwa ndani yake walikuwa wameshaila. Nikapeleka vipande vilivyobaki kwa seremala wa vitanda na milango, nikamwomba anitengenezee vingine kwa mninga, lakini kwenye maungio aache nafasi kidogo, maana gari hujipinda barabarani. Aliniangalia kama nimemtukania mama yake. Kitanda chake hakijapata kulia, akasema, na hatakufa ameacha kitu kinacholia mjini Tabora. Akachonga, akabana, akapigilia vigingi vya mti, akatia gundi juu yake. Gari likawa zito kama kabati la bibi harusi, na milango ikagoma kufunguka. Tukawa tunaingia kwa kuvuka juu.

Halafu kabureta. Zilikuwa mbili, na ilitakiwa zivute pumzi pamoja. Nilikuwa nikizisikiliza kwa mpira uliochomekwa sikioni, kama daktari. Hii ikikubali, ile inanuna. Kipuri nilichoagiza Dar es Salaam kilikuja na treni baada ya miezi, nacho si chenyewe. Ngozi ya pampu niliikata kwenye kiatu changu mwenyewe. Stata ilikufa kabisa, kwa hiyo gari likawa haliwaki ila kwa hendeli, yaani kile chuma kilichopinda ambacho huchomekwa mbele ukakizungusha kwa nguvu. Nayo ilikuwa na tabia ya kurudisha teke. Fundi cherehani mwenye kidole gumba kilichovimba hawezi kushika sindano, na wateja walinisema. Mke wangu alisema bora ningemletea mke mwenza, huyo angalau angesaidia kupika.

Ningeliuza kwa yeyote, kama si baba.

Baba alikuwa mkulima wa kijiji cha Ntalikwa. Utotoni alifuatana na msafara kwenda pwani, yeye kabeba sufuria na mkeka wa kaka yake, kaka kabeba mzigo. Katika kurudi, zikiwa zimebaki safari za siku mbili kufika nyumbani, kaka alishikwa na ndui, wakamzika kwenye kambi iliyokuwa na chemchemi chini ya jiwe kubwa. Reli ilipokuja ile njia ikafa, na baba hakupita tena pale. Sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Kule hospitali ya Kitete alikuwa ameambiwa ukungu ule hautatoka. Akaniambia anataka kuliona kaburi la kaka yake kabla giza halijakamilika, nami kwa mdomo wangu nikamwambia gari langu litampeleka.

Nilipoona gari linanichezea nilitaka kumwombea nafasi kwenye lori la wafanyabiashara wa nta, ambao walikuwa wakiingia sana mwituni. Akakataa. Alikuwa ameshawaambia watu msikitini kwamba atapelekwa na mwanawe.

Basi kila Ijumaa baada ya sala alipita kwangu, akauliza, "Gari limeamkaje?" Nami nikajibu kwamba halijambo kidogo. Alikuwa akisogea karibu ili anione uso ninapojibu, na kila Ijumaa alisogea karibu zaidi. Mwishowe pua yake ilikuwa karibu kugusa yangu. Hapo ndipo nilipokuwa nakasirika hasa, na wa kumkasirikia hayupo isipokuwa zile kabureta.

Kiangazi kilipoingia gari likakubali. Asubuhi ya safari nilizungusha hendeli, likawaka mara ya kwanza, nikamsaidia baba kuvuka mlango na kuketi. Ndipo alipotokea mtani wake, mzee wa Kizaramo aliyekuja bara na misafara akabaki, akiuza kahawa mjini. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wakati huo. Wapagazi wetu walifia kwao wakazikwa nao, na wao kwetu vivyo hivyo. Mtani huchukua kitu chako unamwona, na ukinuna aibu ni yako. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe msibani.

Akapanda nyuma, akaketi juu ya turubai lililokunjwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kwa heshima kwamba gari hili ni la watu wawili.

"Na kaburini kwa Mnyamwezi utakwenda na nani?" akaniuliza. "Na cherehani?"

Baba akacheka mpaka akashika kifua. Nikaondoa gari.

Nisiwe mwongo, nilifurahi. Tulipoiacha barabara na kushika njia ya malori ya nta, injini ilikuwa inaimba kati ya miyombo, na baba alikuwa amenyoosha mkono nje kuupokea upepo. Kisha gurudumu la nyuma likaingia shimoni, kikasikika kishindo kimoja kikavu. Nilishuka nikalala chini. Fremu ya chuma ilikuwa imekatika upande mmoja, na gari limekaa juu ya tairi lake. Bodi ya mninga haikuwa na hata ufa. Mbao za yule seremala zilikuwa zimekataa kujipinda, na mwenye kulipia ni chuma. Bodi haikuwa imelia hata kidogo.

Nikawaambia wasubiri, nitaifunga fremu kwa kamba za magome. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, na macho ya baba yalikuwa yanaona kitu kwenye mwanga mkali tu. Alasiri kwake ilikuwa jioni.

"Nisubiri gari, au nisubiri macho?" akasema, akavuka mlango peke yake.

Mtani akatoa hendeli chini ya kiti. Akasema anaichukua ya kung'olea magugu. Nikamsihi aiache, bila ile gari haliwaki. Akasema nikiendelea kununa atachukua na usukani. Baba akaweka mkono begani kwake, wakaondoka. Ningeweza kuwafuata. Lakini nilikuwa nimechemka kiasi kwamba ningefungua mdomo ningemwambia mtani maneno ambayo mtani haambiwi. Nikarudi chini ya gari, nikaanza kuifunga fremu kwa hasira. Vicheko vyao nilivisikia muda mrefu baada ya miti kuwaficha.

Walirudi jua limeinama. Baba alikuwa mtulivu, kanzu niliyomshonea mwenyewe imechanika pindo lote, na hilo nalo likaniudhi. Nikauliza hendeli yangu iko wapi.

"Nimempa marehemu," mtani akasema. "Hakuwa na alama. Sasa anayo."

Chemchemi ilikuwa imekauka, akaeleza, lakini jiwe walilikuta, na baba alikuwa amelitambua tuta la kaburi. Kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi, seuze kilichowekwa kaburini. Wazee wale wawili wakasukuma gari langu mchangani pamoja nami, wakicheka kama vijana, mpaka, kinyume cha maneno yangu, likawaka kwenye mteremko.

Mhunzi alinifulia hendeli nyingine. Haikukaa sawa hata siku moja, ikawa inateleza na kupiga kuliko ile ya kwanza. Masika yakapita. Mtani akarudi pwani kwa binti zake. Macho ya baba yakazima, nikamleta kukaa kwangu, na mchana alikuwa akiketi uani, mkono juu ya boneti. Siku moja hendeli ya mhunzi ilinipiga, nikaitupa chini na kutukana kila aliyehusika, aliye hai na aliyekufa.

Baba alingoja nimalize. "Kaifuate yako," akasema. "Ukiiona, ndipo alipo kaka yangu."

Nilikwenda kwa baiskeli, nikiwa na koleo na mfuko wa kuibebea, na hasira yangu yote. Jiwe nililiona kwa mbali. Hendeli ilikuwa imesimama wima chini yake, imeshika kutu, na juu kwenye mpini imefungwa kitambaa cheupe kilichofifia. Nilikishika. Ulikuwa mshono wangu, pindo la ile kanzu. Niliikamata hendeli kwa mikono miwili kama nilivyokuwa naikamata kila asubuhi, nikasimama hivyo, kisha nikaiachia. Nilikaa nikang'oa magugu kwa mkono.

Nilipofika nyumbani baba alinyoosha mkono ili aipapase. Nikamwambia sikuja nayo.

Akaushusha mkono. Kisha akauliza imekaa upande gani wa jiwe. Nikamwambia upande wa machweo. Akauliza kama tuta bado linaonekana, kama pana kivuli, kama maji yamerudi. Nikamweleza kimoja kimoja, naye akasogeza uso wake karibu na wangu kama zamani, ingawa hakuwa anaona kitu.

"Nieleze tena," akasema, "kuanzia gari lilipokatika."