Ng'ombe Wawili wa Upande wa Kulia

Juma lililopita nilifanya ujinga ambao sikuhitaji msaada wa mtu kuufanya. Nina mbuzi wawili hapa Manyatta, na mimi ni mtu wa nyumbani kiasi kwamba hata kuwapeleka kula majani kando ya barabara naona ni safari. Basi nikafikiri, kwa nini nitoke mara mbili? Nikawafunga kwa kamba moja, huyu ncha hii, yule ncha ile, nami nikashika katikati kama mtu aliyesoma. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mmoja aliona majani kushoto, mwingine akayaona kulia, na mimi nikajiona chini. Walinizunguka, wakauzunguka mti wa avokado, wakaangusha kamba ya nguo pamoja na shuka niliyokuwa nimetoka kufua.

Msinicheke bado. Nikiwa pale chini, shavu limelalia matope, nilipata harufu ambayo sikuwa nimeipata kwa miaka mingi: udongo uliolowa sasa hivi, kamba ya mkonge iliyoshiba maji, na jasho la mnyama anayevuta asikotakiwa. Sikuinuka haraka. Harufu ile ilinitoa Manyatta ikanirudisha kwetu Mbeere, kwenye tambarare za joto, mwaka ambao nilikuwa mtoto wa kushika kamba mbele ya ng'ombe wa kulima.

Kule kwetu mvua si mgeni wa kukaa. Inaingia, inasalimia, ukigeuka kutafuta kiti imeshaondoka. Kwa hiyo ndengu lazima ziingie ardhini udongo ukiwa na ule unyevu wa kwanza. Ukichelewa unalima vumbi. Na mwaka huo hatukuwa na nafasi ya kuchelewa, maana msimu uliotangulia ulikuwa umetuacha mikono mitupu. Mama alikuwa amebakiza mbegu ndani ya debe la mafuta, akalifunika kwa jiwe la kusagia ili vidole vyangu visifike. Nililizunguka debe lile kama paka. Nilijua sauti ya ndengu zikitingishwa ndani yake kuliko nilivyojua wimbo wowote wa kanisani. Mama alikuwa akiniambia, "Hizo si chakula, Wawira. Ukizila hizo, umekula mpaka Krismasi." Tulikuwa tukinywa uji mchana na usiku, na uji wenyewe ulikuwa mwepesi, ukitazama ndani unajiona.

Shida ilikuwa ng'ombe. Plau huvutwa na wawili, na sisi tulibaki na mmoja. Mwenzake alikufa kwa ndigana kabla mawingu hayajajikusanya. Aliyebaki tulimwita Kamanda, mwekundu, kijana, mwenye haraka ya mtu anayekwenda kuamua kesi. Jirani yetu, Mama Nyaga, mjane aliyepakana nasi, naye alikuwa amebaki na mmoja baada ya mwenzake kuvunjika mguu korongoni. Wake aliitwa Mwalimu, mzee wa kijivu, aliyekuwa na tabia ya kusimama na kukutazama kama anayengoja jibu.

Mnaona hesabu ni rahisi. Mmoja na mmoja. Tatizo ni kwamba Baba na Mama Nyaga walikuwa hawasemezani.

Chanzo kilikuwa mzinga. Kwetu mtu anaweza kutundika mzinga wake kwenye mti wa mwingine, na mwenye mti akiukubali, mti ule hauguswi. Mama Nyaga alikuwa na mzinga kwenye mgunga uliosimama upande wetu wa mpaka, tangu enzi za marehemu mume wake. Baba, katika kutafuta makaa, aliukata mgunga ule. Alidai mzinga ulikuwa mtupu. Mama Nyaga alidai mzinga si gunia la kuchungulia kama lina kitu. Nyuki walihama, na salamu zikahama nao. Tangu hapo, wakikutana njiani, Baba alikuwa akikumbuka ghafla kutazama mawingu, hata kama hakuna.

Mvua ikaja. Ilikuja alasiri, kubwa, ikipiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Asubuhi yake udongo ulikuwa mwekundu na laini kama maini. Kila boma bondeni lilikuwa na sauti ya mnyororo na miluzi. Kwetu ilisikika sauti ya jembe moja tu, la Baba, ambaye alikuwa ameapa atalima shamba lote kwa mkono. Kufikia saa nne alikuwa amechimba sehemu ya kutosha kuzika kuku.

Mama hakubishana naye. Alichukua kibuyu, akamimina ndani uji uliokuwa wa mchana wetu, wote, nikiutazama, akajifunga leso. Baba akauliza anakwenda wapi. "Kwa Mama Nyaga," alisema. "Mimi sijakata mti wa mtu." Hakuna anayekwenda kuomba watu wa kulima mikono mitupu kwetu. Kazi ya pamoja tunaiita irima, na irima huanza na kinywaji. Mama alirudi bila kibuyu, na nyuma yake alikuja Mama Nyaga akimvuta Mwalimu kwa kamba.

Hakumsalimu Baba. Alisimama hatua chache kutoka kwake, akanitazama mimi. "We mtoto, mwambie babako nimeleta ng'ombe."

Nikageuka. "Baba, ameleta ng'ombe."

"Nina macho," alisema Baba. "Mwulize tunaanza na shamba la nani."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mvua ile ingeweza kuwa ya kwanza na ya mwisho, na shamba litakalolimwa la pili huenda likalimwa kavu. Mama Nyaga alikuwa na watoto wake nyumbani, na debe lake. Wote wawili walinitazama mimi, mbeba maneno.

"Mwambie," alisema Mama Nyaga, "mimi mtu mwenye kosa huwa namwacha aanze kusema."

"Mwambie sina kosa."

"Mwambie mti ulijikata."

Nawaandikia kwa Kiswahili, lakini kwa Kimbeere haya yalichoma zaidi. Mama ndiye aliyesema tufunge ng'ombe kwanza, walio na akili waanze, tutajua baadaye. Tukawafunga upande wetu kwa sababu plau ilikuwa yetu.

Mnaojua ng'ombe wa kulima mnajua kwamba kila mmoja ana upande wake. Wa kulia hutembea ndani ya mstari uliokwisha kulimwa, wa kushoto hutembea juu. Akizoea upande, amezoea maisha. Sasa sikilizeni balaa: Kamanda alikuwa wa kulia, na Mwalimu alikuwa wa kulia. Tulimweka Mwalimu kushoto kwa sababu hakuweza kujitetea. Hatua ya kwanza, akajaribu kupita nyuma ya Kamanda kwenda mahali pake. Nira ikapinda. Kamanda akasukuma. Mstari wetu wa kwanza ulikwenda kama mtu anayetoka kilabuni, na mimi mbele, nikivuta kamba, nilikanyagwa kidole ambacho mpaka leo kinatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Mstari wa pili haukuwa afadhali. Kamanda alitangulia kwa kifua, nira ikaenda mshazari, na uzito wote ukamwangukia mzee nyuma. Baba alikuwa anaona fahari, ng'ombe wake yuko mbele. Mama Nyaga alivumilia kidogo, kisha akasahau kwamba mimi nipo.

"Sogeza mnyororo upande wa huyo wako," alimwambia Baba moja kwa moja. "Kama ana nguvu hivyo, avute yeye. Utaniulia mzee."

Baba alifungua mdomo kunitafuta, akanikosa, maana nilikuwa nimekaa chini nashika kidole. Akasogeza mnyororo. Kamanda alipohisi mzigo umemjia, akapunguza mwendo mwenyewe. Hakuna aliyemchapa. Mwalimu akamfikia, bega likawa sawa na bega, na nikasikia kitu ambacho sijakisahau: pumzi zao zikaanza kutoka pamoja. Mzee aliacha kutafuta upande wa kulia. Kila tulipogeuza, alichelewa kidogo, akamtazama mwenzake akikaa mahali alipopataka yeye, kisha akakanyaga kushoto.

Halafu likatokea lile jambo. Mpaka wetu na Mama Nyaga ulikuwa ukanda wa nyasi tu. Tulipoufikia tena, nikageuka kuwazungusha ng'ombe. Mwalimu hakuzunguka. Upande ule mwingine ulikuwa kwao, shamba alilolima maisha yake yote, na nyumbani hapana mpaka kwa ng'ombe. Akaendelea mbele. Kamanda, ambaye tangu asubuhi alikuwa akibishana na kila kitu, akaenda naye bila ubishi. Mimi na kamba yangu tulivutwa kama mkia uliofungwa mbele. Baba alipiga kelele, "Geuza, geuza, unakwenda wapi na hao?" lakini plau ilikuwa imeshapasua nyasi, na mstari mmoja mrefu ukawa umetoka shambani kwetu ukaingia kwake.

Mwisho wa shamba lake wakasimama wenyewe. Nilingoja kuchapwa. Baba alitazama nyuma, mstari ule ukiwa umenyooka kwa mara ya kwanza siku ile, akakuna shingo. Mama Nyaga naye aliutazama. Kisha akamwita Mama, "Lete mbegu zako, mimi nachukua zangu." Wakaanza kutembea nyuma ya plau, Mama akidondosha ndengu mpaka penye nyasi, na kutoka hapo Mama Nyaga akidondosha zake. Mstari ukirudi, wakirudi. Swali la shamba la nani halikujibiwa, kwa sababu hakuna shamba lililokuwa la kwanza. Nilisikia ndengu zikitoka ndani ya debe kidogo kidogo, na safari hii sikuzisikitikia.

Mvua nyingine ilikawia sana. Majirani walioanza shamba la mmoja na kuahirisha la mwenzake walivuna la mmoja tu. Ndengu zetu ziliota mstari mmoja, kijani kibichi, zikipita mpaka bila kuuliza, na msimu ule tulikula. Baba hakuomba msamaha. Sidhani kama alijua njia yake. Ila baada ya mavuno alichonga gogo la mzinga mpya, akautundika kwenye mti uliobaki, akamwachia Mama Nyaga auone mwenyewe.

Nikiwa mtoto niliamini ng'ombe walituonea huruma. Niliandika hivyo shuleni kwenye insha na mwalimu, yule wa watu, akanipa alama nzuri. Ilinichukua utu uzima, na mbuzi wawili kwenye kamba moja, kuona kilichokuwepo kweli. Mwenye nguvu alisogezewa mzigo, mzee akakubali upande asioupenda, na hapakuwa na aliyeshinda kabla kazi haijaanza. Siku hizi kila kikundi ninachojiunga nacho, tunaanza kwa kuchagua mwenyekiti, na wengine huishia hapo.

Nilipokwenda Mbeere juzi, nilimkuta Mama Nyaga mlangoni pake akipepeta ndengu, mzee sasa, mdomo ukiwa haujazeeka. Nikamwambia haya yote, nimeyapanga vizuri: jinsi wale ng'ombe walivyowafundisha yeye na marehemu Baba kupendana. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza, akapuliza makapi, akanitazama.

"Babako sikumpenda hata siku moja, Wawira, na yeye alijua. Lakini tulilima. Tungengoja kwanza tupendane, wewe ungekufa njaa."