Vikwembe vya Barabara ya Kabimba

Kwa miaka ishirini na miwili Papa Onésime alipiga picha ndogo za uso, za kadi na za vyeti vya diplome, katika chumba kimoja hapa Kalemie. Watu walimcheka kwamba anajua paji la uso tu. Parokia ilipotangaza kuwa inatafuta picha ya mashambani kwa jalada la kalenda, alijiandikisha wa kwanza. Alitaka mji ukubali kwamba na yeye ni mpiga picha.

Alijiandaa kama mtu anayeheshimu kazi. Alikagua magurudumu, akafunga kamera ndani ya plastiki kwa sababu ya vumbi, akaondoka alfajiri kuelekea Kabimba. Ndani ya gari alimpa nafasi Toussaint, mpiga picha mwenzake, ingawa naye alilitaka jalada lile lile. Aliendesha polepole, maana mwenye haraka haoni kitu.

Ufukweni wanawake walikuwa wakianika ndakala, samaki wadogo kama dagaa, mchangani, jua likitoka ziwani nyuma yao. Toussaint alipiga picha tatu kupitia dirishani bila hata kusalimia. Huo ni wizi, na siuiti kwa jina lingine. Onésime aliegesha gari, akashuka, akaomba ruhusa.

"Na hizi nguo za samaki, Papa?" alishangaa Mama Laetitia, mkubwa wao. "Parokia yote inione hivi? Ngojea tujipambe!"

Wanawake wakaondoka wote kwenda nyumbani. Toussaint akacheka mpaka akashika tumbo.

"Ona adabu yako! Piga foto ya ndakala basi, zenyewe hazibadilishi nguo."

"Nimewaomba mimi mwenyewe," Onésime alijibu. "Nitawangoja."

Jua likapanda, likawa jeupe, uzuri wote wa asubuhi ukapotea. Kule nyumbani wanawake walikuwa wakisukana nywele. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Toussaint alilala garini. Onésime alisimama.

Saa tisa na nusu wakatokea, tisa kwa hesabu, wakishuka barabara nyekundu na vikwembe vya sikukuu, vitenge vya rangi kali, wakitaniana, wakampita Onésime na kusimama mchangani. Asubuhi jua lingekuwa machoni mwa Onésime. Sasa lilikuwa mgongoni mwake, likiwaangazia nyuso, na ziwa nyuma yao lilikuwa la buluu kabisa. Kidogo tu aseme, kama katika chumba chake, "Funga mdomo, simama wima." Akajizuia. Akabonyeza.

Siku ya uamuzi picha zote zilitundikwa katika ukumbi wa parokia. Mama Laetitia na wenzake walikuja kwa lori. Mbele ya picha ya Toussaint, Mama Laetitia alisimama ghafla.

"Huyu njo mimi? Ni mimi huyu? Na kitambaa cha jikoni kichwani? Nani alikupa ruhusa? Toa!"

Padri akaitoa mwenyewe.

Kisha padri akainua juu picha ya Onésime: jalada! Vigelegele vilijaa ukumbi. Wanawake wale tisa wakamzunguka mtu wa paji la uso, wakamsukuma mbele.

"Sasa wewe njo upigwe foto!" Mama Laetitia alipaza sauti.

Onésime akalitazama shati lake la kazi.

"Ngojeeni kwanza," alisema, "nijipambe."