Jumatano za Ndabibi

Wazee wale wawili walifika Nakuru wakiwa tayari na mvi. Mzee alikuwa amelima maisha yake yote huko kwao ng'ambo, na mkewe alikuwa amefundisha watoto wadogo kusoma. Watoto wao wenyewe walipokwisha kuondoka nyumbani, kanisa lao likawatuma Kenya, nami nikaajiriwa kuwa mkalimani wao. Baba yangu alikuwa ametoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, nikazaliwa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na kwa vile majirani zetu walikuwa Wakikuyu, nilikijua Kikuyu kabla sijaingia shule. Nilikuwa msichana mkubwa, ambaye bado hajaolewa, na watu wa landhi walikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Mimi nilimwita yeye Mzee na mkewe Mama. Wao waliniita binti yetu.

Wiki yao haikubadilika. Jumatatu nguo zilifuliwa. Jumanne tulikwenda hospitali, Mzee akiwaombea wagonjwa na Mama akiwapelekea uji. Jumatano tulianza safari alfajiri, tukapita Gilgil na Naivasha, tukazunguka ziwa kwa barabara ya vumbi mpaka shamba moja la mzungu kule Ndabibi, ambako Mama alifundisha wanawake wa vibarua kushona na kusoma. Jumamosi ilikuwa siku yao ya matembezi. Walibeba mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, wakaketi kando ya ziwa, Mzee akatazama ndege kwa darubini huku Mama amevua viatu. Nilidhani ni watu wa ajabu, kusafiri mbali hivyo ili wakae chini ya jua wale mayai.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Mjini Wakikuyu walikuwa wakisimamishwa kila kona waonyeshe vipande vyao vya kitambulisho. Majirani zetu wa utotoni walikwisha kuchukuliwa, na nyumba yao ilikuwa na watu wengine. Mzee hakupenda tuzungumze habari hizo. "Sisi tumekuja kwa ajili ya Injili," alisema.

Katika darasa la Ndabibi kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekaa mbele kila mara, na binti yake mdogo mapajani. Mumewe alikuwa amekamatwa na hakuna aliyemwambia yuko wapi. Alikuwa mwepesi wa kusoma kuliko wote, na alicheka Mama alipokosea Kiswahili. Mtoto alimwita Mama cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, na Mama alilipenda jina hilo kuliko heshima zote alizopewa.

Jumatano moja ya masika tulifika tukakuta nyumba za vibarua zinafuka moshi. Malori yalikuwa yamesimama matopeni. Askari walikuwa wakiwapandisha watu na vifurushi vyao, na mwenye shamba alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni, kama mtu anayengoja ng'ombe wake waogeshwe. Mzee alimwendea afisa, kijana wa kizungu aliyechoka.

"Wakikuyu wote wanaondoka," afisa alisema. "Wanarudishwa kwao."

Yule mwanamke alikuwa tayari juu ya lori. Aliniuliza afisa amesema nini, nikamwambia.

"Kwetu ni wapi?" alisema. "Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu amezikwa pale nyuma ya zizi."

Niliyatafsiri maneno yake kwa sauti. Afisa alitazama saa yake.

Kisha mwanamke akamshusha mtoto pembeni mwa lori, akimshika kwapani. Mtoto alikuwa akikohoa. "Mwambie Mama amchukue," aliniambia. "Lori halina turubai na mvua inarudi. Ana kifua. Nikijua tunapowekwa, nitamfuata."

Mzee alimgeukia afisa kuomba ruhusa. Mama hakungoja. Alinyoosha mikono akampokea mtoto, naye akapiga kelele na kumpiga Mama mateke ya tumbo. Lori lilipoondoka, mama yake alitugeuzia mgongo. Sikuelewa wakati ule. Sasa nadhani hakutaka binti yake auone uso wake.

Mtoto alilala chumbani mwa wazee. Mama alimlisha maziwa ya moto kwa kijiko na kumsugua kifua, lakini homa ilipanda, na daktari alipokuja alisema ni kichomi na kwamba kimeshika pande zote mbili. Mtoto alifariki Jumatatu mchana, nguo zikiwa bado kwenye kamba. Mzee alilivunja sanduku la mbao walilosafirishia vyombo vyao kutoka kwao, akalitengeneza jeneza mwenyewe uani. Tulimzika upande wa chini wa makaburi ya mji. Mzee aliweka msalaba wa mti, akaanza kuomba, akashindwa kumaliza.

Jumamosi iliyofuata alitayarisha darubini yake kama kawaida. Mama alisimama mlangoni.

"Siendi ziwani," alisema. "Nakwenda kumtafuta mama yake."

"Na tukimpata tutamwambia nini?"

"Tutamwambia."

Hivyo ndivyo matembezi yao yalivyobadilika. Kila Jumamosi tulikwenda kwenye kambi moja au nyingine, Mzee akibishana na walinzi langoni. Aliyekuwa mpole sana alijifunza kupaza sauti. Watu waliwekwa nyuma ya seng'enge wakingoja kupelekwa ambako hata walinzi hawakujua, na watoto walikuwa wamekonda mpaka magoti yao yalionekana makubwa.

Tulimpata karibu na Gilgil. Alituona kwa mbali akaja mbio mpaka kwenye waya, akitazama nyuma yetu, kisha ndani ya gari.

Mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie mtoto yuko na Bwana."

Nilijua akisikia hivyo ataniuliza bwana gani, na kwenye shamba gani. Nikasema, "Amekufa, dada. Ni kichomi. Tumemzika Nakuru."

Hakulia. Aliuliza nani alimwosha, nikasema ni Mama. Aliuliza alivikwa nini. Kisha akamtazama Mama moja kwa moja, akasema kwa Kiswahili, "Aliniita?"

Mzee aliwahi kujibu. "Hapana. Alilala kwa amani."

"Aliita," Mama alisema. "Kila siku. Mpaka mwisho."

Mzee alimgeukia mkewe kama mtu aliyepigwa. Mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Alipitisha vidole kwenye waya, na Mama akavishika, wakakaa hivyo mpaka mlinzi akaja kutufukuza. Tuliporudi Jumamosi nyingine, kambi ilikuwa tupu.

Wazee waliondoka kabla ya muda wao kwisha, kwa sababu Mama alianza kuugua moyo. Nilisikia amefariki baharini. Mzee sikusikia habari zake tena.

Mwanamke yule alikuja miaka ile ya hamsini ikielekea mwisho, Wakikuyu walipoanza kuruhusiwa kusafiri. Aliulizia mpaka akaifikia nyumba yetu landhi. Nilimpeleka makaburini, lakini msalaba ulikuwa umeliwa na mchwa, na vilima vidogo visivyo na alama vilikuwa vimeongezeka mno. Nilizunguka huku na huku kwenye nyasi, nikisema labda ni hapa, labda ni pale.

"Acha, dada," alisema.

Alichagua kilima kimoja karibu na ua wa makaburi, akakaa chini kando yake, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Nami nikakaa upande wa pili nikamsaidia.