Kupumua Ndani ya Beseni

Jirani yangu, fundi wa magari, aliingia kwangu mtaani Mbotela asubuhi moja kuchukua mapazia ya mkewe, akanikuta nimepiga magoti jikoni, uso wote ndani ya beseni la kufulia, mrija umetokeza juu. Akaruka.

"Mathe! Uko sawa kweli?"

Niliinua uso maji yakinichuruzika, nikamwambia najifunza kupumua.

"Kwani hiyo miaka yote umekuwa ukifanya nini?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba mshonaji wa mapazia amerukwa na akili.

Acha waseme. Binti yangu wa pekee alikuwa amenitumia tiketi ya ndege nikamtembelee huko Bahari ya Shamu, ambako kazi yake ni kupeleka wageni kuangalia matumbawe katika hifadhi iliyo kati ya jangwa na bahari. Alikuwa pia amenitumia miwani ya maji na ule mrija. "Anza na beseni, Mama," alisema kwa simu. Nikamjibu kwamba bahari hiyo ndiyo iliyomeza jeshi la Farao, halafu yeye anataka nitie kichwa? Akabadilisha mazungumzo. Nilijua kwa nini.

Nikiwa na miaka tisa, kaka yangu alizama ziwani, kwetu magharibi, mimi nimesimama ufuoni nimemshikia shati. Tangu siku hiyo maji niliyoyaamini ni ya mtungi peke yake. Kisha binti yangu, akiwa kidato cha pili, akaanza kuogelea shuleni kwa siri. Siku nilipoikuta nguo yake ya kuogelea imeanikwa nyuma ya pazia, nilichukua makasi yangu ya kazi nikaikatakata mbele yake. Hakulia. Alinitazama tu, na miaka yote iliyofuata hakuna aliyeitaja siku hiyo, si yeye wala mimi. Aliajiriwa mbali na nyumbani, na tena majini, nami nikajua makasi yangu hayakuzuia kitu.

Basi nikaenda. Mwanzoni niliona mawe na mchanga tu, na joto la kukausha mate. Nikamwambia hapa hata mbuzi wa mtaa wa Mukuru, anayekula takataka, angelala njaa. Akacheka, akanionyesha swala wawili kando ya mwamba, wametulia, halafu mikoko iliyosimama ndani ya maji ya chumvi, kijani kabisa. Sikuelewa swala wale wanakula nini. Nilifurahi tu kwamba wanaishi.

Ufuoni miguu ilikataa. Maji yalinifika magotini nikaganda hapo. Watalii wazee kuliko mimi walinipita wakiingia baharini kama watu wanaokwenda sokoni. Niliona aibu, aibu ikageuka hasira, nikamwambia binti yangu nimeona vya kutosha, turudi. Moyoni nilijua nikirudi bila kutia uso, yale makasi yatabaki kati yetu mpaka nife.

Hakubishana nami. Alinishika mkono. "Nimekushika, Mama. Fanya tu vile ulikuwa unafanya kwa beseni."

Nikavaa miwani, nikauma mrija, nikapiga magoti mchangani, vilevile kama jikoni, nikatia uso.

Hatua chache mbele yangu kulikuwa na mtaa mzima. Matumbawe ya zambarau na ya manjano, mengine yamejengeka kama vyumba, na samaki wakiingia na kutoka bila haraka, kila mmoja na shughuli zake. Nilisikia pumzi yangu, ndani, nje. Nilihisi mkono wa mtoto wangu. Hofu haikuisha, lakini furaha iliizidi. Nikalia humo humo ndani ya miwani mpaka sikuona kitu tena.

Niliinua uso. "Nisamehe ile nguo," nikasema.

Hakuuliza nguo gani. "Ilikuwa ya bluu," akasema.

"Nitakushonea ingine."

Alinivua miwani, akaisuuza, akanivisha tena, na safari hii tukatia nyuso pamoja.