Majani Yangu Kwenye Sufuria ya Hamisi

Enzi za Mwingereza nilikuwa mshona viatu Musoma, na nje ya duka langu niliotesha kwenye debe mche wa majani ya kunukishia mchuzi. Nilikuwaga naumwagilia kidogo kila asubuhi, na jua likizidi nausogeza kivulini. Basi majani yakaanza kupungua. Nikamshuku jirani yangu Hamisi, fundi cherehani, maana kila nikichungulia kwake alikuwa akifunika sufuria haraka haraka.

Siku ya gulio, wateja wamejaa barazani kwake, nikasikia harufu ya majani yaliyochemshwa. Nikaingia, nikafunua sufuria, nikachota kikombe kizima na kukinywa mbele ya watu.

"Mwizi! Haya ni majani yangu!"

Hamisi akanitazama kwa huruma. "Kaka, hayo ni ya mpera. Nakandia kidonda cha mguu, naona aibu watu wakikiona. Kitambaa nimetoka kukichovya humo sasa hivi."

Mke wangu, aliyeletwa na kelele zangu, akashangaa. "Majani yako? Si ndiyo natiaga kwenye mchuzi unaousifia kila siku?"