Kidonda cha Herieth

Wiki ya saba ilikuwa imeingia, na kidonda cha mguuni kwa Herieth bado kilikuwa kibichi. Daktari alimpima sukari, akabadilisha dawa mara mbili, akabaki anajikuna kichwa.

Siku ya kulazwa alisema mundu ulimponyoka akikata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyedadisi. Wanawake wa mlimani hukatwa na mundu kila siku.

Wodini hawakujua kuwa mwezi mmoja kabla ya kulazwa kwake, mwanawe Aikaeli, wa miaka minne, alitumbukia kwenye mfereji unaopita juu ya kihamba chao, shamba la ukoo la migomba na kahawa, maji yakiwa yamejaa kwa mvua. Herieth alikuwa akichuma kahawa karibu tu, na hakusikia chochote. Baada ya maziko hakuna aliyemlaumu. Mama mkwe alimkorogea uji. Majirani waliendelea kumwita Mama Aika, na kila walipomwita alitamani ardhi immeze.

Aliyegundua ni nesi Martha, mama aliyekaribia kustaafu. Alirudi kuchukua mkasi aliousahau, akamkuta Herieth ameingiza vidole chini ya bandeji. Hakupiga kelele. Alivuta pazia, akaketi kitandani, akaushika mkono ule.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu kilipoanza kufunga. Kikipona mtanirudisha nyumbani, sista. Siwezi kupita pale mferejini."

Martha aliirudisha bandeji mahali pake. "Na mundu, ulikuponyoka kweli?"

"Hapana."

"Unataka kufa?"

Tangu msiba hakuna aliyemuuliza hivyo. Herieth alifunika uso kwa kanga. "Kila siku."

Siku hiyohiyo aliitiwa daktari wa afya ya akili, na Martha hakuondoka mpaka daktari alipofika. Jioni mumewe, Denis, aliambiwa yote. Akashika chuma cha kitanda.

"Mimi nalala kwa kaka," alisema, "nisiyasikie yale maji. Nilidhani wewe umeweza."

Walilia pamoja kwa mara ya kwanza.

Kidonda kilifunga. Herieth alikataa katakata kurudi kihambani, akaenda kukaa Shirimatunda kwa dada yake, Dominika, ambaye hamwachi peke yake. Kila Jumanne wanakwenda kliniki. Juzi daktari alimuuliza kama yale mawazo yamepungua.

"Hayajapungua," alijibu. "Ila nimekuja."